Kufunga bawaba na kuvisha kitambaa kisanduku cha mbao: mwongozo kamili

Mteja akishika kisanduku hatazami kwanza viungo vya pembe. Anakifungua, anakifunga, anakifungua tena. Kifuniko kikikwama, kikiacha mwanya upande mmoja au kikitaka kujiinua chenyewe, kazi yote ya randa na msasa imekwenda bure. Kisha anapitisha kidole ndani, na hapo kitambaa kilichokunjamana au chenye doa la gundi kinamaliza biashara.

Mwongozo huu ni wa mambo hayo mawili tu, bawaba na kitambaa, kwa mtu anayejua tayari kuunganisha pande nne za mbao. Nimeyaweka pamoja kwa makusudi. Karakana nyingi za hapa Lubumbashi huyafanya kama kazi mbili zisizojuana: bawaba zinapimwa bila kukumbuka unene wa kitambaa, kitambaa kinabandikwa kabla kifuniko hakijajaribiwa, halafu watu wanashangaa kwa nini sanduku halifungi.

Mpangilio ninaoushikilia ni huu. Chonga vishimo vya bawaba, zifunge kwa skrubu za muda, jaribu kifuniko, zitoe zote, piga msasa na vanishi, rudisha bawaba, ndipo uingize kitambaa. Inaonekana ni kuzunguka, lakini anayeruka hatua ya kujaribu atairudia kazi yote huku vanishi imeshakauka.

Mfano nitakaoutumia ni kisanduku cha vito cha mm 300 kwa 200, kimo mm 110, kuta za mm 12. Kimegundishwa kikiwa kimefungwa pande zote, kisha kifuniko kikakatwa kwa msumeno mm 35 kutoka juu. Njia hiyo ya kukata baadaye ni bora kuliko kutengeneza kifuniko peke yake, kwa sababu kifuniko na sanduku vinatoka kwenye ubao uleule na mistari ya mbao inaendelea bila kukatika.

Mbao na majira

Hapa kwetu mvua inanyesha kwa nguvu kuanzia Novemba hadi Machi, na kuanzia Mei hadi Septemba hatuioni kabisa. Mbao inaishi na majira hayo. Ubao wa kawaida wenye upana wa sm 20 unaweza kupungua mm 2 au zaidi upande wa upana ukitoka kwenye unyevu wa Februari hadi ukavu wa Agosti. Upande wa urefu haubadiliki kwa kiasi cha kukusumbua. Kwa hiyo kifuniko cha ubao mmoja kiwekwe nyuzi zikienda sambamba na mstari wa bawaba: kikipungua, kitapungua kuelekea nyuma, na bawaba hazitasikia kitu. Ukigeuza nyuzi zipite kinyume, umbali kati ya bawaba mbili utakuwa unavutwa na kusukumwa kila mwaka, na skrubu zitalegea.

Mulombwa ndio mti ninaoupendelea. Watanzania wanauita mninga. Ukishakauka haugeukigeuki, unapokea patasi vizuri, na rangi yake ya kahawia inakubaliana na bawaba za njano. Mukula ni mzito na mgumu zaidi, mwekundu wa kuvutia, ila biashara ya kimataifa ya magogo na mbao zake iko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 2019. Mimi situmii mbao mpya za mukula. Natafuta masalio ya milango na viti vya zamani, ambayo kwa kisanduku yanatosha, na yamekauka kuliko ubao wowote utakaouziwa leo. Msonobari unafaa kwa mazoezi. Ni laini, kwa hiyo skrubu ndogo haishiki muda mrefu.

Kabla ya kugusa bawaba, hakikisha midomo miwili, wa sanduku na wa kifuniko, imenyooka. Bandika msasa kwenye kioo au tripleksi (plaiwudi) nene, laza mdomo wa sanduku juu yake na usugue kwa mwendo wa duara. Chora alama za penseli kwenye mdomo wote kwanza. Penseli ikifutika kila mahali, umemaliza. Halafu zima taa, weka simu ndani ya sanduku ikiwa imewashwa tochi, funika. Mwanga utakuonyesha mwanya ambao jicho la mchana halioni. Usiendelee mpaka mwanga huo umekwisha au umebaki uzi mwembamba ulio sawa pande zote.

Kuchagua bawaba

Ninaongelea bawaba ya kawaida ya majani mawili, ile ambayo dukani ukiomba sharniere ndogo unapewa. Ina jani la kushoto, jani la kulia, na fundo katikati linaloshika pini. Kwa kisanduku cha ukubwa huu, urefu wa mm 38 unatosha, mbili tu.

Nenda dukani na sumaku. Toa moja kwenye spika mbovu ya redio. Nyingi zinazouzwa kama shaba ya njano ni chuma kilichopakwa rangi: sumaku ikinata, ni chuma, na kwenye kisanduku kitakachokaa chumbani wakati wa mvua itaanza kutu kwenye fundo, mahali ambapo rangi inasuguliwa. Shaba ya njano ya kweli haishiki sumaku. Ni mchanganyiko wa shaba na zinki. Sisi shaba tunaikanyaga, zinki iko Kipushi hapo jirani, lakini bawaba zenyewe zinatufikia ndani ya pakiti za plastiki kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Wengine hujaribu kujitengenezea kwa bati la shaba nyekundu kutoka kwa wanaogonga picha za shaba. Kwa mapambo ya pembe bati hilo ni zuri sana. Kwa bawaba halifai: shaba tupu ni laini, fundo linapanuka, na baada ya muda kifuniko kinacheza.

Kisha ishike mkononi. Fungua na ufunge. Pini isicheze kushoto na kulia. Funga majani mpaka yawe sambamba na utazame kwa ubavu: kama yanakutana upande mmoja na kuachana upande mwingine, rudisha kwenye kikapu. Ingiza skrubu kwenye tundu lake: kichwa kizame mpaka kiwe sawa na uso wa jani. Kikibaki juu, vichwa vya majani mawili vitagongana na kifuniko hakitafunga, hata ukichonga namna gani.

Upana ndio wanaousahau. Pima kutoka katikati ya pini hadi ukingo wa jani. Kwa ukuta wa mm 12 kipimo hicho kisizidi mm 9, ili ndani ibaki mbao ya mm 3. Ukibakiza mm 1 patasi itauvunja ukuta huo, na usipovunjika leo, kitambaa kitausukuma kesho.

Kama kifuniko kitabeba malakiti, lile jiwe la kijani lenye shaba, badilisha hesabu. Kipande cha malakiti cha mm 200 kwa 150, unene mm 4, kina uzito unaokaribia nusu kilo. Mbao ya mulombwa ya eneo hilohilo, unene mm 12, haifiki robo kilo. Tumia bawaba za mm 50, au tatu badala ya mbili, na skrubu ndefu zaidi. Na wakati wa kusugua malakiti sugua kwa maji, ukiwa umeziba pua na mdomo kwa barakoa, kwa sababu vumbi lake ni la shaba na lina sumu.

Kupima na kuchonga vishimo

Hapa ndipo usikimbie. Vipimo ni vitatu: mahali, upana, na kina.

Mahali: acha nafasi inayozidi kidogo urefu wa bawaba kutoka kila mwisho. Kwa bawaba ya mm 38 kwenye sanduku la mm 300, mm 45 kutoka pembeni hadi mwanzo wa bawaba inapendeza na inashika. Ukizisogeza karibu sana na pembe, skrubu zinaingia kwenye kiungo na kukipasua.

Upana: kitovu cha pini kinatakiwa kiwe sawasawa na uso wa nyuma wa sanduku, au kitoke nje kidogo sana. Kikiingia ndani, kingo za nyuma za kifuniko na sanduku zitabanana mara tu unapoanza kufungua. Basi kama kutoka katikati ya pini hadi ukingo wa jani ni mm 9, weka truskeni (kifaa cha kuchora mstari sambamba na ukingo) kwenye mm 8.5. Nusu ya milimita hiyo ndiyo pumzi ya kifuniko. Usiyekuwa na truskeni, chukua kijibao chenye ukingo ulionyooka, pigilia msumari mwembamba utokeze upande wa pili kwa umbali unaoutaka, nolea ncha yake, nawe buruza ukingo ukifuata uso wa nyuma.

Kina: funga bawaba majani yawe sambamba, pima unene wote kutoka nje ya jani moja hadi nje ya jani la pili. Gawanya kwa mbili. Hicho ndicho kina cha kila kishimo. Bawaba yenye mm 4 ikifungwa inataka mm 2 kwenye sanduku na mm 2 kwenye kifuniko. Usipime unene wa jani peke yake. Jani linaweza kuwa mm 1 tu wakati fundo ni mm 4, na ukichonga mm 1 kila upande utabaki na mwanya wa mm 2 nyuma ya sanduku. Jani likizama chini kidogo ya uso wa mbao, halina ubaya. Mimi napunguza kina hicho kwa unene wa karatasi, kwa sababu kuongeza kina ni rahisi na kukirudisha ni shida.

Sasa chora. Penseli ni ya kukuelekeza tu. Mstari wa kazi ni wa kisu. Weka bawaba mahali pake kwenye mdomo wa sanduku, ishike kwa kidole, pitisha ncha ya kisu ubavuni mwake mara moja kila mwisho. Ondoa bawaba, weka ekeri (kipimo cha pembe mraba), kaza mistari hiyo kwa kisu mara mbili tatu. Pitisha truskeni kwa upana juu ya mdomo na kwa kina kwenye uso wa nyuma. Kwenye kifuniko usipime upya: kilaze juu ya sanduku, kiwe sawa pande zote, kishike kwa mipira ya tairi ya baiskeli iliyokatwa vipande virefu, kisha hamisha mistari kwa kisu kutoka uso wa nyuma wa sanduku hadi uso wa nyuma wa kifuniko. Kipimo kikipitia rula mara mbili kinapata njia mbili za kupotea.

Kuchonga kwenyewe kunataka patasi kali inayonyoa nywele za mkono, upana mm 10 au 12. Kwanza funga kijibao ndani ya sanduku kwa jiliwa, kikiegemea ukuta wa nyuma, ili ule ukuta mwembamba wa mm 3 uwe na mgongo. Simamisha patasi kwenye mistari ya mwisho, ndani ya mstari kidogo, gonga kidogo. Halafu piga mfululizo wa mikato ya kusimama kila mm 3 kwenye kishimo chote, bila kufikia kina kamili. Laza patasi, ingia kutoka uso wa nyuma, toa vipande hivyo kwa kusukuma kwa mikono, bila nyundo. Rudia mpaka ufike mstari wa truskeni. Mwisho kabisa weka ncha ya patasi ndani ya mstari wa kisu na ukate ukuta wa mwisho ukiwa umenyooka. Mulombwa una nyuzi zinazogeuka. Ukiona patasi inachimba chini yenyewe, ingia kutoka upande mwingine.

Chini ya kishimo pawe tambarare. Weka bawaba, bonyeza pembe moja moja kwa kidole. Ikicheza, kuna kinundu katikati. Iweke tena baada ya kupaka majani yake penseli nyeusi au masizi, bonyeza, inua, na ukwangue pale penye weusi tu.

Skrubu

Skrubu za shaba ya njano ni dhaifu. Ukizilazimisha kwenye mulombwa, kichwa kinabaki kwenye bisibisi na mwili unabaki ndani ya mbao. Kwa hiyo nunua skrubu chache za chuma za unene uleule, zitengeneze njia, kisha zitoe na uingize za shaba mwishoni.

Toboa kwanza. Kwa skrubu ya mm 2.5 kwenye mbao ngumu tundu liwe mm 1.5 hadi 1.8, kwenye msonobari punguza. Keekee ndogo kama hiyo ikikosekana, msumari mwembamba uliokatwa kichwa, ncha ikapigwa bapa na kunolewa, unafanya kazi nzuri. Funga utepe kwenye msumari kuonyesha kina. Kwenye kifuniko cha ubao bapa kisicho na kuta, skrubu inaingia kwenye unene wa ubao, na skrubu ya mm 12 kwenye ubao wa mm 12 itatokeza juu, mbele ya mteja.

Tundu lisiwe katikati kabisa ya tundu la bawaba. Lisogeze ndani kwa unene wa unywele, kuelekea ndani ya sanduku. Skrubu ikikazwa italivuta jani liegemee ukuta wa kishimo, nalo halitasogea tena. Paka uzi wa skrubu nta ya mshumaa. Sabuni inateleza vizuri lakini inavuta unyevu na kuleta kutu.

Weka skrubu moja tu katikati ya kila jani. Funga kifuniko, fungua, tazama, rudia jaribio la tochi. Ukitaka kusogeza kitu, bado una matundu mengine mawili ambayo hayajatobolewa. Mambo yakikaa sawa ndipo utoboe yaliyobaki.

Kifuniko kinapokataa

Kama nyuma kunagusa na mbele kumebaki wazi, na ukibonyeza mbele kifuniko kinarudi juu, vishimo ni vya kina mno. Usikaze skrubu zaidi, utaing'oa. Toa bawaba, weka chini yake kipande cha karatasi ngumu au unyoya wa randa wa mbao ileile, jaribu tena. Unyoya wa randa ni bora kwa sababu hauonekani.

Kama mbele kunagusa na nyuma kuna mwanya, kishimo hakijafika. Ongeza kina kidogokidogo, upande wa kifuniko kwanza.

Kifuniko kikienda kushoto au kulia, tatizo si kina. Toa skrubu ya katikati ya jani moja, sogeza kifuniko mahali pake, toboa tundu jipya la pembeni na ufunge kwa hilo. Lile la zamani lijaze kwa kijiti cha brosheti kilichopakwa gundi, likate likikauka. Na kama kinabana tangu mwanzo wa kufungua, rudi kwenye upana: pini imeingia ndani. Njia fupi ni kupiga randa kingo zote mbili za nyuma kwa mshazari mdogo. Kuna wanaofanya hivyo kwa makusudi: wanazamisha fundo lote ndani, wanakata kingo za nyuma kwa pembe inayozidi kidogo 45°, na kifuniko kinasimama chenyewe kikishapita wima. Ni kazi nzuri, lakini kwa anayeanza utepe wa kuzuia kifuniko, tutakaoufikia kwenye kitambaa, ni rahisi zaidi.

Ukiridhika, andika namba ndogo ya penseli nyuma ya kila bawaba na ndani ya kishimo chake, toa zote.

Vanishi

Nje paka unachokizoea. Ndani, mahali pote gundi itakapokaa, acha mbao tupu. Gundi nyeupe ya mbao haishiki juu ya vanishi. Mafuta ya kitani yasiingie ndani ya sanduku linalofungwa, harufu yake haitoki. Na matambara yaliyolowa mafuta hayo yatandaze nje yakauke au yaloweke kwenye maji, usiyarundike pembeni mwa karakana: yanajipasha moto yenyewe mpaka yanawaka.

Subiri vanishi ikauke kabisa. Rudisha bawaba, sasa kwa skrubu za shaba, mipasuo ya vichwa vyote ikielekea upande mmoja. Ni urembo tu, lakini unaonekana.

Kitambaa

Kuna wanaopaka gundi ukutani na kubandika kitambaa moja kwa moja. Inafaa kwa sanduku la vifaa. Kwa kisanduku cha vito vesha kitambaa kwenye vipande vya kartoni kwanza, kisha ingiza vipande hivyo. Pembe zinatoka kali na gundi haigusi uso.

Kartoni iwe ngumu, ya mm 1 hadi 1.5, kama mgongo wa kalenda au jalada la daftari kubwa. Ile ya maboksi ya bidhaa ina mawimbi ambayo yataonekana juu ya kitambaa chembamba.

Mahameli ni cha heshima, lakini ni kinene na kina manyoya yenye mwelekeo. Pitisha kiganja: upande mmoja kinang'aa, mwingine kinakuwa giza. Vipande vyote vikatwe manyoya yakilala upande mmoja, vinginevyo kuta zitaonekana kama zina rangi mbili. Kitenge ni chembamba na kinafurahisha ndani ya mbao ya kahawia. Kifue kwanza, kwa sababu kina wanga na kinaweza kusinyaa au kutoa rangi, kisha kipige pasi. Chagua maua madogo. Ua la ukubwa wa sahani likikatwa vipande vitano halitambuliki. Huna haja ya kununua yadi sita. Nenda kwa washonaji wa soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, salimu vizuri, sema, «Mama, naomba vile vikwembe vilivyobaki, nalipa», na utarudi na mfuko uliojaa.

Felti ya sufu usiitumie kwenye visanduku vya kuwekea vito vya fedha. Sufu ina salfa, na fedha ikifungiwa nayo inageuka nyeusi. Pamba haina tatizo hilo. Gundi ya viatu nayo ibaki kwenye viatu: harufu yake inakaa ndani ya sanduku kwa miezi.

Kabla ya vipande, funga utepe wa kuzuia kifuniko. Kisimamishe kifuniko kikiwa kimepita wima kidogo, shikilia utepe wa pamba ubavuni, upigilie misumari midogo au ugundishe ncha moja ndani ya ukuta wa kifuniko na nyingine ndani ya ukuta wa sanduku, mahali kartoni itakapofunika. Weka mmoja kila upande. Jaza sanduku kidogo na ufungue: kifuniko kizito kisichozuiwa kinaangusha sanduku lote kinyumenyume.

Vipande vya kuta fupi vinatangulia. Ndani ya sanduku letu upande mfupi ni mm 176. Kwa kitenge kata kartoni mm 175, kwa mahameli mm 173, kwa sababu kitambaa kinageuka kwenye ncha zote mbili. Kwa kimo, kila kipande kiishie mm 3 chini ya mdomo. Hicho ndicho kipimo kinachookoa bawaba: kitambaa kikifika mdomoni kinabanwa na kifuniko, na ghafla una sanduku lililokuwa likifunga jana na leo halifungi. Ingiza vipande vifupi bila gundi, ndipo upime virefu katikati yake. Usikate vinne kwa mkupuo.

Kuvesha: laza kitambaa uso chini, weka kartoni juu, acha mm 15 pande zote, kata. Kata pembe kwa mshazari, ukibakiza kati ya mkato na pembe ya kartoni nafasi ya mara moja na nusu ya unene wa kartoni. Ukikata karibu zaidi, kartoni itachungulia. Ukikata mbali, pembe itavimba. Paka gundi mgongoni mwa kartoni tu, nyembamba, kwa brashi iliyokamuliwa, isubiri ianze kunata. Kunja pande ndefu kwanza, zikaze bila kuvuta mpaka ua lipinde, kisha bonyeza pembe kwa ukucha na ukunje pande fupi. Uso wa mbele usipate gundi hata tone. Weka chini ya ubao mzito mpaka ikauke.

Sponji iende sehemu mbili tu, chini na ndani ya kifuniko, isizidi mm 3. Kwenye kuta inaiba nafasi na kuzifanya zionekane zimevimba.

Gundisha vipande vifupi, halafu virefu, ukibonyeza kwa vijibao vilivyokatwa kwa kipimo. Cha chini kiingie mwisho kabisa, bila gundi, kikibanwa na kuta, na kikiwa na kijitanzi cha utepe nyuma yake cha kukivutia. Chini ndiko kunakochafuka, na siku poda au manukato yakimwagika, mwenye sanduku atakitoa na kukuletea ukivishe upya. Kwenye kifuniko kipande lazima kigundishwe. Kama kifuniko ni tripleksi, paka gundi pote. Kama ni ubao mzima, paka ukanda mmoja tu katikati, ukifuata nyuzi, ili ubao upungue na kupanuka bila kukunja kartoni.

Acha sanduku wazi siku kadhaa kabla ya kumpa mteja. Gundi nyeupe inapokauka inatoa mvuke wenye asidi kidogo, na shaba iliyofungiwa nao inapoteza mng'ao.

Kiangazi cha kwanza kikiisha, mwambie akuletee. Kaza skrubu kwa mkono, taratibu. Ile inayozunguka bila kushika itoe, jaza tundu kwa kijiti na gundi, subiri hadi kesho yake, toboa upya na urudishe skrubu ileile.